MZIGO USIOPIMWA: MWENYE KISUKARI NA TAABU YA KUPUNGUZA UZITO

Msafiri atokaye mjini Kasese kuelekea Fort Portal huiacha barabara kuu baada ya kilomita kumi hivi, akageukia upande wa magharibi na kulifuata bonde la mto Mubuku. Joto la tambarare hupungua kidogo kidogo, migomba na mibuni huongezeka, na mbele yake milima ya Ruwenzori huinuka mpaka ikajificha mawinguni. Mwisho wa njia ya magari ndipo Nyakalengija, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia hapo hakuna gari wala pikipiki. Aendaye juu huenda kwa miguu yake mwenyewe.

Bonde hili linajulikana mbali. Mwaka 1906 mwana wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alilipitia akiwa na wachukuzi wengi, akafika kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Milima yenyewe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata leo wageni kutoka pande zote hukusanyika Nyakalengija, na wenyeji, ambao wengi wao ni Wakonzo, huwabebea vyakula na mahema.

Sisi hatukwenda kupanda mlima. Kilichotuvutia ni mizani. Kabla ya safari kuanza, mizigo hupimwa ili kila mchukuzi apewe fungu analoliweza. Mzigo ukizidi, hupunguzwa pale pale, wala hapana anayeona haya kwa jambo hilo. Tulipokuwa tukitazama, tukajiuliza: ni wangapi kati yetu tunaobeba, mwaka hata mwaka, mzigo wa mwili ambao hatujawahi kuupima?

BWANA WA BWERA

Karibu na mizani ile tulimkuta bwana mmoja wa makamo, mwenye umri wa miaka 52, ambaye kwa heshima yake hatutamtaja jina. Alikuwa amekuja kuangalia shamba lake la kahawa, akasimama kidogo kuwatazama vijana wakifunga mizigo. Alitueleza kwamba katika ujana wake yeye naye alikuwa mchukuzi katika njia hiyo hiyo. Alipanda hadi kambi ya Nyabitaba, iliyo kwenye mita 2,650 hivi, akashuka, na baada ya siku chache akapanda tena. Jioni alikula ugali wa muhogo, ambao Wakonzo huuita obundu, sahani ikafurika, wala hakunenepa hata ratili moja.

Baadaye alihamia Bwera, akafungua duka la unga na chumvi karibu na mpaka wa Mpondwe, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya mapatano baina ya wafanyabiashara wa Uganda na jirani zao wa Kongo. Biashara ikamwendea vyema. Miguu iliyozoea mlima ikazoea kiti. Safari ya kilomita mbili kutoka nyumbani hadi dukani aliifanya kwa bodaboda. Asubuhi alikunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, saa nne soda, saa tisa soda nyingine; na sahani ya jioni ilibaki ile ile ya mchukuzi, ingawa uchukuzi ulikwisha zamani. Katika miaka 15 uzito wake ukafika kilo 97. Watu walimsifu wakasema pesa imemkubali.

Miaka mitatu iliyopita alianza kuona kiu isiyokatika. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, na mchana macho yalikuwa na ukungu. Lililomshangaza zaidi ni kwamba alikuwa akikonda bila kutaka, hata akafikia kilo 90. Damu yake ilipopimwa asubuhi kabla hajala, sukari ilionekana kuwa milimoli 14 kwa lita, ilhali kipimo cha 7 au zaidi kabla ya kula, kikithibitishwa, ndicho kinachotambulisha ugonjwa wa kisukari. Akaambiwa ana kisukari cha aina ya pili, akapewa vidonge, na akaagizwa jambo moja lililoonekana jepesi kuliko yote: apunguze uzito.

«Nilicheka,» alituambia. «Nilisema, mimi niliyebeba mizigo ya Wazungu mlimani, nitashindwa kuutua huu wangu mwenyewe?»

MWILI UNAVYOJIPIGANIA

Kabla ya kuendelea na habari zake, yafaa tueleze ugonjwa wenyewe. Chakula cha wanga kikisagwa tumboni hugeuka sukari na kuingia katika damu. Ili sukari hiyo iingie katika misuli na kufanya kazi, mwili huhitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Katika kisukari cha aina ya pili insulini ipo, lakini mwili hauisikii vizuri, na polepole kongosho nalo huchoka. Mafuta yanapojazana ndani ya ini na kongosho, hali hii huzidi. Ndiyo sababu mnene anayepungua uzito humsaidia daktari wake kwa namna ambayo vidonge peke yake haviwezi.

Lakini hapa ndipo ilipo taabu ambayo wengi hawaelezwi. Mwenye kisukari anayejaribu kupunguza uzito hupanda mlima ulio mkali kuliko wa jirani yake asiye na ugonjwa huo, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, sukari ilipokuwa juu kupita kiasi, sehemu yake ilikuwa ikitoka kwa njia ya mkojo. Mgonjwa alikuwa akila na kukimwaga alichokula. Dawa zinapoanza kufanya kazi, umwagikaji huo hukoma, na chakula kile kile sasa hubaki mwilini. Bwana wetu wa Bwera alizirudia kilo zake zote saba katika muda wa nusu mwaka, akadhani dawa ni mbaya. La hasha, dawa ilikuwa inafanya kazi yake, ila sahani haikubadilika.

Pili, baadhi ya dawa huongeza uzito zenyewe. Insulini ina tabia hiyo, na vidonge vya jamii ya glibenklamidi pia. Metformini haina tabia hiyo, na huenda ikapunguza uzito kidogo. Si ruhusa kwa mgonjwa kuacha dawa kwa sababu hii. Lakini ni haki yake kumwuliza daktari kama ipo nyingine inayomfaa.

Tatu, mwili wenyewe hupinga. Mtu anapopungua, njaa huongezeka na mwili hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, kama mwenye nyumba anayepunguza taa akiona mafuta yanakwisha. Hivyo yule anayekwama baada ya miezi michache si lazima awe mvivu wala mlafi. Juu kule barafu za Ruwenzori zimekuwa zikipungua tangu siku za Abruzzi bila mtu kuzitaka zipungue. Mwili wa mwanadamu, kinyume chake, hukataa kupungua hata ukiombwa.

KIVULI CHA SILIMU

Sababu ya nne haimo mwilini; imo katika macho ya watu. Nchini Uganda, katika miaka ya mwanzo ya 1980, lilizuka gonjwa lililowakondesha watu mpaka wakabaki mifupa. Wananchi waliliita Silimu, jina lililotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na mwaka 1985 waganga waliliandika kwa jina hilo katika jarida la kitabibu la Uingereza. Ndilo lililokuja kujulikana kote kuwa UKIMWI. Hakuna ukoo uliosahau miaka ile. Dawa za kurefusha maisha zimebadilisha mengi tangu wakati huo, lakini katika fikira za watu wengi wembamba wa ghafla bado ni habari mbaya, na kitambi bado ni cheti cha afya.

Bwana wetu alipoanza kupungua kwa juhudi zake mwenyewe, mshipi ulipoingia tundu mbili ndani, sifa zilikoma. Mteja mmoja wa siku nyingi alimvuta kando akamwuliza kwa sauti ya chini, «Mzee, una nini?» Wafanyabiashara wenzake walinong'ona kwamba duka limeanguka. Hata mkewe alimwambia kwa uchungu, «Mzee wangu, wakikuona umekonda watanisema mimi. Watasema nakunyima chakula.»

Naye, kama wengi wafanyavyo, alikuwa ameuficha ugonjwa wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Alipokwenda msibani au harusini, alikula kama wengine ili asiulizwe. Juma moja la juhudi lilimezwa na Jumamosi moja ya sherehe.

SIKU TISA ZA KABICHI

Kisha akaingia kosa la pili, la kutaka kumaliza kazi kwa mara moja. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa na ugonjwa huo huo, alikatwa mguu kwa sababu ya kidonda ambacho hakukihisi, kwani kisukari kilikuwa kimekwisha kuidhuru mishipa ya fahamu ya nyayo zake. Habari hiyo ilimtia hofu kubwa. «Mtu wa mlimani akikosa mguu,» alituuliza, «anabaki nani?» Kwa siku tisa akala kabichi ya kuchemsha na maji tu, huku akimeza vidonge vyake vyote kama kawaida, maana alikuwa akitumia na ile aina inayoilazimisha kongosho kutoa insulini.

Siku ya tisa, dukani, mikono ikaanza kumtetemeka. Jasho baridi likamtoka, maneno yakamchanganyikia, akaanguka kati ya magunia. Jirani aliyejua dalili hizo alimnywesha maji yenye sukari, naye akazindukana. Sukari yake ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Hali hiyo huweza kuua, na upesi kuliko sukari iliyopanda.

Ndugu msomaji, funzo hili tunaliandika kwa herufi nzito. Anayetumia insulini au vidonge vya namna hiyo asipunguze chakula kwa ghafla, wala asifunge, bila kwanza kuonana na mganga wake ili dawa nazo zipunguzwe. Na awe na kitu kitamu mfukoni, kwa ajili ya saa ya hatari.

SUFURIA MOJA

Mabadiliko ya kweli yalianza siku mkewe alipofuatana naye kliniki. Huko alisikia kwa masikio yake maana ya ugonjwa, akaona wagonjwa wengine waliofungwa bandeji miguuni. Aliporudi nyumbani hakusema mengi. Alikataa tu kupika sufuria mbili, moja ya mgonjwa na moja ya wazima. Nyumba nzima ikaanza kula chakula cha namna moja.

Hapakuwa na chakula cha kigeni kilichonunuliwa. Nusu ya sahani ikawa mboga: sombe, mchicha, kabichi au bilinganya. Robo ikawa maharage, au samaki wa ziwa Edward na ziwa George. Robo iliyobaki ikawa ya wanga, iwe obundu, matoke au viazi vitamu, kwa kadiri ya ngumi ya mlaji. Mafuta ya kupikia, ambayo zamani yalimiminwa kutoka kwenye chupa, yakapimwa kwa kijiko. Maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina nguvu ya kalori 120 hivi. Chapati na mandazi vikawa vya siku maalumu.

Soda iliondolewa kabisa, ila ile ya kumwokoa sukari ikishuka. Chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko vya chai saba au vinane. Hakuna mtu ambaye angekubali kutiwa vijiko vinane katika kikombe chake cha chai. Na chai yenyewe? Vijiko vitatu vikawa viwili, baada ya mwezi kikawa kimoja, na mwezi wa tatu hakikuwapo. Bwana huyu anasema kijiko cha mwisho kilimwuma kuliko kazi zote za uchukuzi.

Bodaboda ya asubuhi na ya jioni ikaachwa. Zile kilomita mbili hadi dukani akazitembea, akivaa viatu vilivyofunika vidole, na kila usiku mkewe alimtazama nyayo kwa taa kuona kama pana mchubuko. Kila Jumamosi asubuhi alipanda juu ya mizani ya kahawa katika ghala la rafiki yake, akaandika kilo zake katika daftari la duka.

Na lile la macho ya watu alilimaliza kwa njia iliyo rahisi na ngumu pia: aliusema ugonjwa wake hadharani. Alipoulizwa «una nini?», alijibu, «Nina kisukari, nami napunguza uzito kwa amri ya daktari.» Minong'ono ilikosa chakula ikafa. Wawili kati ya waliokuwa wakinong'ona walikwenda kupimwa.

KILO TISA

Msomaji huenda akatarajia kusikia kwamba bwana huyu sasa ni mwembamba kama kijana. Sivyo. Katika miezi 14 ametoka kilo 97 hadi 88. Kwa miezi minne mizani ilimwonyesha 91 tu, wiki baada ya wiki, naye karibu akate tamaa. Lakini sukari yake ya asubuhi sasa huwa kati ya 6 na 7, na daktari amemwondolea aina moja ya vidonge, ile ile iliyomwangusha kati ya magunia.

Kilo tisa si haba. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2002 uliwahusu watu waliokaribia kupata kisukari. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kuupata ugonjwa kwa asilimia 58, hali waliopewa metformini waliipunguza kwa asilimia 31. Uingereza nako, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, wagonjwa waliokuwa na kisukari kwa miaka isiyozidi sita walipewa lishe maalumu ya kalori chache chini ya uangalizi wa waganga. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao sukari ilikuwa imerudi katika kiwango salama bila dawa, na kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa hivyo kwa asilimia 86. Lakini tuangalie neno hili: walikuwa chini ya uangalizi, na dawa zao zilisimamishwa kwa utaratibu. Hawakujifungia na kabichi.

Zipo pia sindano mpya, kama semaglutidi, zinazotuliza njaa na kushusha sukari pamoja na uzito. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa za lazima kwa wagonjwa wa kisukari walio na unene pamoja na maradhi ya moyo au figo. Ni habari njema. Lakini bei yake bado iko juu kama Margherita kwa mkulima wa kahawa. Anayengoja sindano hiyo huku akinywa soda anangoja kwa hasara.

SI KILA MGONJWA APUNGUZE

Inatupasa kuongeza onyo moja. Watafiti nchini Uganda walitangaza mwaka 2022 kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa wapya wa kisukari cha aina ya pili waliowachunguza hawakuwa wanene. Shida ya wengi wao ni kongosho kukosa insulini ya kutosha. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na jirani ajikondeshe, ataumia bure. Kwa hiyo unene usiwe kipimo cha kumtambua mgonjwa, wala wembamba usiwe hati ya uzima. Kipimo ni damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria kuwa wenye kisukari ni asilimia 1.4 ya watu wazima wa Uganda. Huenda hesabu hiyo ikaonekana ndogo, lakini nyuma ya kila mmoja ipo nyumba yenye sufuria, na mpishi ambaye hajaelezwa.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo pa kuanzia. Mgonjwa huagizwa peke yake, ilhali hali peke yake. Wauguzi wamwite na yule anayepika. Wenye sherehe wasimkasirikie mgeni anayeomba robo ya sahani. Nasi wengine tuache kumwuliza mtu aliyepungua kwa sauti ya matanga. Tumwulize kwa sauti ya kumpongeza.

Tulipokuwa tukiagana, wachukuzi walikuwa wamekwisha kujitwika na kuianza njia. Bwana wa Bwera aliwasindikiza mwendo wa nusu saa, akarudi akihema kidogo, viatu vimejaa tope. Alituambia kwamba miaka miwili iliyopita asingefika hata penye kona ya kwanza. Kisha akapanda juu ya mizani ya wachukuzi, akatazama, akashuka bila kusema neno, akalitoa daftari lake mfukoni.

Bandu bandu huisha gogo.